Mfuko wa Ndani

Shemeji yangu wa Makere alifika Ijumaa jioni na begi moja, migebuka iliyofungwa kwenye gazeti, na dumu la lita tano la mawese ambalo kifuniko chake kilianza kuvuja kabla ya Kahama. Mpaka wanaingia Singida, suruali ya jamaa aliyekaa naye ilikuwa imeshika rangi ya machungwa kuanzia gotini kushuka. Alinisimulia hayo tukiwa bado tumeshikana mikono, habari za nyumbani hata hatujazifikia. Mimi ni fundi cherehani, nikamwambia huyo mwenzake asihangaike na sabuni. Anunue nyingine.

Alikuja kwa ajili ya kipaimara cha Baraka, kitinda mimba wetu. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mume wangu ni Muha wa Kasulu, mimi ni Mmeru wa hapa hapa Tengeru, tuna miaka 26 kwenye ndoa na bado mama yangu mdogo anamwita "yule wa Kigoma". Shemeji ndiye kaka yake mkubwa. Analima maharage na mihogo, haongei sana, na akiongea hapandishi sauti. Ndiyo maana ugomvi wa Jumapili ulitushangaza wote.

Wageni walikuwa wameondoka. Sufuria ya loshoro ilikuwa imekwanguliwa mpaka chini, mimi nimevua viatu, watoto wanagombania soda zilizobaki. Kwenye taarifa ya habari wakaonyesha Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, kule Kigoma, wanaorudi kwao: mabasi yamepangwa foleni, mwanamke amekumbatia godoro lililokunjwa na kufungwa kamba za katani.

Mpwa wangu anaongoza watalii, na mambo ya wageni huwa yanampandisha mori haraka. Mwaka 2025 serikali ilipowapiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo saluni, kutengeneza simu na hiyo kazi yake ya kuongoza watalii, alinunulia kijiwe kizima soda. Sasa akanyoosha kidole kwenye runinga. "Waende. Wamekaa sana. Hii nchi siyo stendi." Akaunganisha na vijana wa Kihabeshi wanaovushwa usiku kutoka Kenya kuelekea Afrika Kusini, kana kwamba ni kitu kimoja. Nikamkumbusha kwamba Juni 2012 zaidi ya 40 kati ya hao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, maiti zao zikatupwa porini kule Dodoma, na wale hawakuwa wakimbizi wa kambini wala hawakutaka kukaa kwetu hata siku moja. Akasema, "Ndiyo hayo hayo."

Basi nikatoa hotuba yangu. Ninayo hotuba kuhusu jambo hili, wa kikoba chetu wanaijua, imeshanipatia makofi mara mbili. Inaanzia hapo kwenye chuo cha mifugo.

Kuanzia 1942 Tengeru ilikuwa na Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Serikali ya Stalin ilikuwa imewang'oa makwao na kuwatupa Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa wakashukia Iran, na kutoka Iran Waingereza wakawagawa: wengine Masindi na Koja kule Uganda, wengine Ifunda na Kidugala, kundi kubwa wakaletwa hapa chini ya Mlima Meru. Waliishi kwenye vinyumba vya duara vilivyopakwa chokaa na kuezekwa majani. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali na mashamba yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilikuwa imekwisha, wakabaki wachache waliozeekea hapa hapa, na makaburi kama 150 ambayo mpaka leo Wapolandi wanakuja kuyawashia mishumaa.

Bibi mzaa mama alikuwa msichana enzi hizo, akiwauzia mayai na ndizi. Mpaka anafariki alikuwa anaweza kuhesabu kwa Kipolandi: yeden, dva, tshi. Baada ya hapo meno yaliyobaki yalikuwa hayamruhusu kuendelea. Namna hii ndivyo ninavyoimaliza hotuba: kama mabibi zetu waliokuwa hawana hata viatu waliwapokea Wazungu waliokimbia vita, sisi wenye lami na intaneti tunashindwaje kumpokea Mrundi, jirani, anayekula maharage kama sisi?

Kikobani hapo ndipo wanapopiga makofi. Shemeji akaweka kikombe chini.

"Shemeji. Mliwapokea, au mliletewa?"

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakucheka.

"Nauliza tu. Huyo bibi aliulizwa?"

Jibu nilikuwa nalo, maana bibi mwenyewe alinisimulia na nusu ya pili, ile ambayo huwa siiweki kwenye hotuba. Novemba 1951, Wapolandi wa mwisho wakiwa bado wanapangiwa pa kwenda, serikali ile ile iliwatoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wafuge ng'ombe wao. Nyumba zilichomwa moto. Kaka yake bibi alifika kwao na mbuzi wawili na jiwe la kusagia, maana mkewe alikataa kuliacha. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alikwenda mpaka New York kuishitaki Uingereza mbele ya Umoja wa Mataifa, na hakurudi na ardhi. Wapolandi hawakuwa na kosa katika hilo, walikuwa watu waliovunjika kama waliohamishwa. Ila serikali iliyoona nafasi ya Wazungu 5,000 hapa Tengeru haikuona nafasi ya Wameru 3,000 kwenye udongo wao wenyewe. Bibi aliuza mayai. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya bei ya mayai.

Kwa hiyo nikasema, "Waliletewa."

"Ahaa," akasema shemeji. "Na sisi tuliletewa. Sasa huyu kijana," akamwelekea mpwa wangu, "mimi simlaumu. Hajui, na hajui kama hajui. Wewe ndiye unayenichosha, shemeji. Kila nikija hapa unanifundisha ukarimu. Nyumba hii umeijenga na nini?"

Mume wangu akasema, "Kaka." Akatoka nje kwenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nyumba hii nimeijenga na sindano. Lakini najua alikuwa anaelekea wapi.

Nilianza mwaka 1997 na cherehani moja ya miguu kwenye kibaraza cha kupanga Kaloleni, hapa Arusha mjini, mwendo mfupi kutoka AICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa. Miaka hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa imeshaweka ofisi zake pale, na pamoja nayo wakaja makarani, walinzi, wakalimani na mawakili kutoka kila pembe. Wasenegali, Wamali na Wakameruni walikuja na bazee, vitambaa vinavyong'aa na kuchakacha kama karatasi, mita sita sita, na hawakuwa na mtu wa kuwashonea. Vazi lao la kwanza nililiharibu shingo. Mama mmoja wa Senegali hakunigombeza. Alivuta kigoda akakaa kibarazani kwangu saa mbili nzima, akanionyesha namna ya kukunja kitambaa mara nne na kukata shingo kwa mkasi mmoja bila kuinua mkono, akaniambia nisiguse chaki, chaki haitoki kwenye bazee. Toka siku hiyo nilishona mavazi hayo kwa miaka kumi na minane. Nililipwa kwa dola. Kiwanja hiki ni dola, mabati ni dola, ada za Neema sekondari ni dola. Mahakama ilipofungwa mwisho wa 2015 nilirudi kwenye sare za shule na mashuka ya hosteli, na mpaka leo nikikuta kipande cha bazee sokoni huwa nakifikicha kidoleni kabla sijauliza bei.

Watu 93 walishitakiwa pale ndani. Mimi nilikuwa napunguza urefu wa suruali za waliowatafsiria. Sikuwahi kuingia kusikiliza hata siku moja. Niliogopa, na pia nilikuwa na kazi.

Sikuwa peke yangu. Njiro watu walihama kwenye nyumba zao wakajibana uani ili wapangishe mbele kwa dola. Mji huu umekula meza kuu kwa muda mrefu. Agosti 1993 mkataba wa amani ya Rwanda ulisainiwa hapa. Miezi minane baadaye watu wakaanza kuuawa, na kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja. Kisha yakaja mazungumzo ya Burundi: Mwalimu Nyerere akayasimamia mpaka alipofariki 1999, Mandela akayapokea, mkataba ukasainiwa hapa tarehe 28 Agosti 2000. Hoteli zikajaa tena. Arusha tulipangisha vyumba kwa amani, na amani ilipovunjika tukapangisha kwa kesi. Aliyevunjikiwa akapelekwa Kigoma.

Shemeji aliyasema haya kwa maneno machache kuliko mimi. Alisema: "Nyie mlipata mawakili. Sisi tulipata mashahidi."

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, kwake ni mwendo wa baiskeli. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka, wakaongezwa Warundi mpaka kambi ikawa na watu kuliko miji mingi ninayoijua. Alianza na kuni. Kabla ya kambi alikuwa anakata nyuma ya choo. Sasa mkewe anaondoka kabla ya adhana na kurudi jua limepanda. Akaja kwenye wizi wa mihogo, inayong'olewa usiku, mashina yakarudishiwa udongo vizuri ili mwenye shamba asijue mpaka majani yanyauke. Hapo alisita, akasema, "Yule aliyerudishia udongo alikuwa mkulima. Aliona aibu." Halafu akaendelea.

Akamgusa na Mwalimu. Mimi nilikuwa nimemtaja, nikasema mwaka 1983 alipewa medali ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa ya kuwaenzi wanaosaidia wakimbizi, kwa jinsi alivyowapa wakimbizi ardhi. Shemeji akasema Mwalimu alikuwa na ardhi ya kugawa. Sensa ya 1967 ilitukuta milioni 12 na kitu, ya 2022 imetukuta karibu milioni 62. "Hesabu hiyo hata bibi yako angeiweza kwa Kipolandi."

Na mimi sikukubali kupigwa tu. Nikamuuliza shamba lake la chini, lile la bondeni, nani alililima miaka yote hiyo.

Akanyamaza. Halafu akacheka, kicheko cha kushikwa. "Wakongo. Baadaye Warundi."

"Kwa bei gani?"

"Sabuni na debe la mahindi."

"Na mtoto wako wa pili alizaliwa wapi?"

"Hospitali ya kambini. Kwa upasuaji. Bure." Akakubali na kubadilishana maharage kwa mafuta ya msaada, siku ambazo soko la pamoja kati ya kambi na vijiji lilikuwa bado linaruhusiwa. Lilipofungwa, alisema, waliolia ni wa pande zote mbili. Basi tukawa sawa kwa muda kidogo, mla asali na mla masega yake. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kukusanya vyombo.

Hapo ndipo alipotuambia habari ya kitambulisho.

Mtu asiyejua lugha zetu za magharibi hawezi kuelewa jambo hili. Kiha na Kirundi vinasikilizana kama Kichaga cha Machame na cha Kibosho, pengine zaidi. Sura ni zile zile, majina ni yale yale. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita, shemeji alikuwa analala na kadi za kliniki za watoto chini ya mto. Na alipokwenda kufuatilia kitambulisho cha taifa, kwenye ofisi ambayo siitaji, aliulizwa jina la babu, akataja. Kijiji, akataja. Alizikwa wapi, akataja. Bibi mzaa baba je? Akataja. Yule kijana wa mezani, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa tatu, akamwambia, "Hata Mrundi anaweza kukariri. Hebu imba wimbo wa taifa."

Shemeji ana miaka 61. Akavua kofia, akasimama wima, akaanza. Alipofika katikati ya ubeti wa kwanza akakatisha, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, wimbo wa taifa hauimbwi watu wamekaa."

Ofisi ikawa kimya. Mama mmoja wa meza ya nyuma akasimama. Wakasimama wengine wawili waliokuwa kwenye foleni na mafaili yao. Kijana naye mwisho akasimama, kalamu mkononi. Shemeji akaanza upya, akaimba beti zote mbili mpaka mwisho, akavaa kofia, akakaa. Kitambulisho kilichukua miezi mingine saba.

Alipomaliza, mpwa wangu alikuwa anatazama zulia.

"Mimi sichukii mkimbizi," akasema shemeji. "Nimechoka kufananishwa naye. Akiondoka yeye, labda nitaacha kuimba."

Nimelibeba hilo wiki nzima nikikanyaga cherehani. Kwa akili ni rahisi kumjibu: anayemwimbisha siyo Mrundi wa Nduta. Na siku kambi ikibaki majani matupu yule kijana bado atakuwa mezani pake na bado Kiha kitafanana na Kirundi. Nilimwambia hivyo siku ile ile, akasema, "Najua," kwa namna ya mtu aliyelifikiria usiku mwingi kuliko mimi.

Bado nasema tuwapokee. Ila hotuba yangu nimeivunja, ile ya Wapolandi, na sitaitoa tena kikobani kama ilivyokuwa. Ukarimu nilioufanya mimi haunigharimu hata kijiti cha kuni. Sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, akitoka awe na kibali, na maeneo hayo siku zote ni ya watu wale wale. Kuna utaratibu mwingine tuliwahi kuujaribu. Warundi wa 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa mashamba, wakalima mpaka wakalisha na wengine, na baadaye wapatao 162,000 wakapewa uraia. Sharti lilikuwa kwamba watoke kwenye makazi yale watawanywe mikoa mingine. Halikutimia, mwishowe wakaruhusiwa kubaki walipo. Nimejaribu kukumbuka kama katika miaka ile kuna mtu yeyote hapa mjini, mimi nikiwemo na midomo yangu, aliyesema: leteni kaya mia Arumeru. Sikumbuki. Nilikuwa nashona bazee.

Na kuna lile la Jumuiya ya Afrika Mashariki, linanichekesha kwa uchungu. Burundi ni mwanachama tangu 2007. Bendera yake inapepea hapo mjini kwenye makao makuu, natoka Tengeru kwa kifodi nikaione. Wakubwa wakikaa humo wanazungumzia watu kwenda watakako kufanya kazi. Mrundi mwenye suti akishuka KIA ni mwana Jumuiya. Mwenzake aliyevuka na godoro akienda kuuza nyanya nje ya uzio wa kambi bila kibali ni mkosaji. Sijui kama nimeeleweka. Sisemi kambi zifunguliwe kesho asubuhi kila mtu aende anakotaka, shemeji angenidai mawese yake. Nasema mkoa uliopata mawakili ungeweza kupata na mashahidi kidogo, wakalima kahawa huku vijana wetu wamekwenda kuendesha bodaboda, wakalipa kodi kama walivyolipa wale wa Katumba. Mpwa wangu anasema mimi ndiye wa kupelekwa Nduta.

Shemeji aliondoka Jumatano. Jumanne usiku alikuja chumba changu cha kushonea na koti lake, lile la kipaimara, la kijivu, mstari mwembamba. Hakusema habari ya Jumapili wala mimi sikuigusa. Alitaka mfuko wa ndani.

"Upo tayari," nikamwonyesha.

"Huo uko wazi. Nataka wa zipu. Upande wa kushoto, chini ya kwapa. Kadi iwe inanigusa nikiwa nimelala, kuna mahali wanatushusha saa nane za usiku, mtu unatafuta kadi bado una usingizi, wanasema unababaika."

Niliipima kadi yenyewe. Nikakata kipande cha bazee ya samawati iliyokuwa imebaki chini ya boksi tangu miaka ile, kwa sababu bazee haichaniki na inateleza, mkono unaingia na kutoka haraka. Zipu nilikuwa nayo ya sketi, nikaifupisha. Alikaa kwenye kigoda akiangalia. Aliuliza kitambaa hicho kimetoka wapi nikamwambia. Akakishika kidogo, akakifikicha kama ninavyofanya mimi, akasema kinachakacha.

"Mara ya kwanza tu," nikamwambia. "Kitanyamaza."

Alipofika alituma ujumbe. "Nimefika salama. Wametushusha mara mbili, Kakonko na mbele yake. Zipu inakwama kidogo."

Nimemwambia aipake nta ya mshumaa.